Naomba ushauri: mfamasia wa kupitia dawa za bibi, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tunamlea bibi yetu nyumbani, Langoni. Ana miaka 79, presha na sukari. Dawa ameandikiwa na madaktari tofauti, nyingine zimenunuliwa tu dukani. Kikapuni mwake mna amlodipini ya presha, glibenklamaidi ya sukari, daiklofenaki ya maumivu ya magoti, na piritoni anayomeza apate usingizi. Amlodipini zenyewe ni pakiti mbili za kampuni mbalimbali, moja ya buluu moja ya kijani, naye alikuwa akimeza zote akidhani ni dawa mbili!

Kinachonitisha ni huo mchanganyiko. Daiklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo. Piritoni huwavuruga wazee akili na kuwaangusha. Glibenklamaidi yaweza kushusha sukari kupita kiasi, na juzi alfajiri tulimkuta amelowa jasho, maneno hayaeleweki, mpaka alipokunywa chai ya sukari.

Australia, tangu Julai 2024, serikali hulipia wafamasia wafanye kazi ndani ya makao ya wazee, wakague dawa za wakaazi. Wetu tunakaa nao majumbani, lakini haja ni ile ile.

Je, naweza kumpelekea mfamasia wa hospitali ya kaunti kikapu chote akipitie, bila barua ya daktari? Aliyewahi kufanya hivyo, Lamu au hata Malindi, alianzia wapi? Na hiyo piritoni bibi ataiacha vipi, maana asema bila hiyo halali kabisa. Sitaki kumkatizia dawa yoyote kwa kichwa changu.