Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba unene wako umeshakuwa ugonjwa?

Wakuu, habari zenu. Naanza na yangu ili na wengine mpate nguvu ya kusema.

Nina miaka 41, naishi Mbagala. Nilikuwa na kilo 84 kwa urefu wa mita 1.58, na mtaani niliambiwa nimenawiri, ndoa imenikubali. Kukonda ndiko kungezua maneno, maana kwetu ukipungua ghafla watu wanasema una ngoma. Mwaka juzi nikaenda zahanati kwa ajili ya magoti. Nesi akanipandisha kwenye mizani, akanipima kimo ukutani, akapiga hesabu ya BMI mbele yangu: kilo zako, gawa kwa urefu wako mara urefu wako. 1.58 mara 1.58 ni karibu 2.5. Ikaja 33.6.

"Mama, kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Kuanzia 25 uzito umezidi, 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Huu ni ugonjwa, unatibiwa kama presha." Akanipima na presha yenyewe: 158 kwa 96.

Hilo neno "unatibiwa" lilinitoa machozi. Miaka yote niliamini ni ulafi wangu tu.

Niliacha vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, nikapunguza ugali nikaongeza mchicha, nikawa nashuka daladala kituo kimoja kabla. Miezi 14, nina kilo 77. BMI bado 30.8, ila magoti yametulia na dawa za presha nimepunguziwa. Daktari alinieleza kwamba kupungua asilimia 5 hadi 10 tu tayari kunasaidia presha na sukari. Mimi nimefika 8.

Karibuni.

Kuli wa Sokoni: Hongera dada. Mimi napakua magunia tangu nina miaka 19. Kilo 89, mita 1.70, BMI 30.8 kama yako! Niliogopa sana. Daktari akachukua tepu, kiuno sentimita 83, presha na sukari safi. Akasema mizani haitofautishi nyama na mafuta, kwangu uzito ni misuli.

Baba Watatu: Mkuu, mimi kinyume chako. Kilo 73, mita 1.75, BMI 23.8, nikajiona niko salama. Lakini kitambi kilikuwa sentimita 101, na sukari ikagundulika nilipokwenda kutibiwa kidonda kisichopona. Naumia kwamba hakuna aliyenipima kiuno mapema. Wanaume wenzangu, kitambi si cheo.

Nesi Mstaafu: Wanangu, nyote wawili mmesema kweli. Hesabu hii ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet miaka ya 1830, naye alikuwa anachunguza watu kwa wingi wao, hakuwa anatibu mgonjwa mmoja mmoja. Jina la BMI lilikuja 1972. Kwa hiyo itumieni kama hodi mlangoni, kisha pimeni kiuno. Kisizidi nusu ya kimo chako. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayozunguka ini na kuvuruga sukari. Mjamzito asijipime kwa BMI, na watoto wana chati yao ya umri.

Jambo jingine linaniuma. Mtu akipungua kisha akarudi, tunamcheka. Mwili unapambana kurudisha kilo zilizopotea: homoni za njaa hupanda, na nguvu unayotumia hata ukiwa umepumzika hupungua. Hapo ndipo wengi wanakimbilia chai za kukata tumbo wanazouziwa mitandaoni. Rudini kliniki, msione haya.

Binti wa Tanga: Shikamoo mama. Nilipungua kilo 11 kabla ya harusi, zikarudi 13. Shangazi zangu walinisema mpaka nikaacha kwenda kwenye shughuli. Leo ndiyo mara ya kwanza naelezwa kwa nini. Nimejipima sasa hivi kwa tepu ya mama, yeye ni fundi cherehani: kiuno 97, kimo 162. Dada wa Mbagala, hiko kituo kimoja ulianza siku gani?

Mwanzisha mada: Jumapili, mdogo wangu, nikitoka kanisani, sina haraka. Binti yangu alinishika mkono, tukapumzika mara mbili njiani. Kesho uende kupima presha na sukari, halafu urudi hapa utuambie.