C imejaa, D ina nafasi: nitumie programu gani kugawa upya hadidiski bila kupoteza harusi za watu?

Kamera ya Kirumba (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwadila.

Napiga picha na video za harusi na sendofu hapa Mwanza, ofisi ni chumba kimoja Kirumba, harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia mpaka ndani. Natumia laptopu ya HP niliyonunua ikiwa imeshatumika: Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 8, hadidiski ya GB 500, Windows 10. Fundi aliyenipigia Windows aliigawa hivi: C ina GB 97, D ina GB 367. Sasa C imebakiwa na GB 1.2, ule mstari umekuwa mwekundu wiki ya pili hii, na programu ya kuhariri video inajizima katikati ya kazi. Wakati huohuo D ina GB 80 zimekaa tu hazina kazi.

Nimeandika diskmgmt.msc (chombo cha Windows cha kugawa diski) nikafika kwenye vile visanduku. Nikabonyeza kulia juu ya C, pale pa kuongeza ukubwa pamefifia. Nikaona labda D kwanza apungue, nikampunguza GB 40. Akakubali vizuri, nafasi tupu ikatokea yenye mstari mweusi juu. Nikarudi kwa C: bado pamefifia.

Huko mtandaoni naona MiniTool, EaseUS, AOMEI, GParted. Ipi ni salama? D ina harusi nne sijakabidhi, na mojawapo ni ya Kisesa ambako baba wa bibi harusi ananipigia kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Dagaa Mkavu

Fomati yote uanze upya mkuu. Dakika 40 umemaliza.

Kamera ya Kirumba

Umesoma hapo kwenye harusi nne lakini?

Fundi Makoroboi

Mkuu, hujakosea kitu, ni mpangilio tu. Chukulia hadidiski ni safu ya viwanja (ndizo patisheni) kuanzia barabarani kushuka ziwani. Barabarani kuna kipande kidogo cha kuwashia mashine, anafuata C, halafu D mpaka majini. C anaweza kupanuka endapo ardhi iliyo mgongoni mwake, inayogusana naye, haina mtu. Ulipompunguza D, Windows ilikata upande wa ziwani, maana kile chombo chake hukata mwisho wa kiwanja tu, mwanzo hakigusi. Kwa hiyo GB 40 zako ziko kule majini na D amesimama katikati.

Halafu angalia tena vile visanduku. Kati ya C na D hakuna kadogo ka MB mia tano na kitu, hakana herufi?

Kamera ya Kirumba

Kapo. MB 530.

Fundi Makoroboi

Hiyo ni patisheni ya kurekebishia Windows ikigoma kuwaka. Nayo ni ukuta. Hata D akihama kabisa, C atakutana na ukuta huo kwanza.

Sasa kuhusu swali lako. Programu zote ulizotaja zinaweza kumsogeza D kuelekea ziwani na kupisha nafasi mgongoni mwa C. MiniTool, EaseUS na AOMEI unaziweka ndani ya Windows, unapanga unachotaka, unabonyeza kutekeleza, na kazi ikigusa C zinaizima mashine zifanye kazi kabla Windows haijaamka. Za bure zinatosha kwa kupunguza, kuongeza na kusogeza. Wanakokukamata na malipo ni ukitaka kuihamisha Windows kwenda diski nyingine. GParted ni ya bure moja kwa moja, ipo tangu 2004, unaiweka kwenye flashi na kuwashia mashine humo, Windows yenyewe ikiwa imelala. Mimi ndiyo naiamini. Ila kabla yake uzime ile tabia ya Windows ya kuzima nusunusu ili iwake haraka, la sivyo GParted itaona C kama nyumba yenye mtu ndani na itakataa kuigusa. Amri ni powercfg /h off, unaiandika kwenye dirisha jeusi ulilolifungua kama msimamizi.

Lakini nisikilize hapa. Kusogeza D si kubadili namba kwenye karatasi. Kila kilichomo D kinabebwa kutoka kilipo na kuwekwa mbele kidogo, kwenye diski ileile inayosoma na kuandika kwa zamu. Kwa hadidiski ya kuzunguka na mzigo wa GB karibu 290, hesabu saa tatu, nne, hata tano. Umeme ukikatika katikati, nusu ya D iko kiwanja cha zamani na nusu kiwanja kipya. Betri yako inakaa muda gani?

Kamera ya Kirumba

Dakika 15. Siku za baridi 20 😂

Fundi Makoroboi

Basi umejijibu mwenyewe ipi ni salama: hakuna.

Sato wa Kukaanga

Mkuu nina ile ya kulipia, imekrakiwa, njoo PM nikutumie.

Binti wa Nansio

Kaka Kamera, huyo mpite kimya. Programu ya patisheni inapewa ruhusa ya juu kabisa, inaandika mpaka kwenye lile jedwali linalosema kila kiwanja kinaanzia wapi. Kuchukua iliyochezewa na mtu usiyemjua ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba na hati ya kiwanja siku moja.

Mimi nina swali la kipumbavu: C imejazwa na nini? GB 97 kwa Windows na programu mbili tatu si kidogo. Weka WinDirStat, inaonyesha nini kimejaza diski, ni ya bure, iache izunguke, itakuchorea rangi kwa ukubwa. Uje na majibu.

Kamera ya Kirumba

Dada yangu, nimerudi nimeishiwa maneno. Kuna folda ya kashe (mafaili ya muda) ya Premiere, ile programu yangu ya kuhariri video, kule ndani ya AppData, peke yake GB 31. Kuna Windows.old GB 18. Na faili linaitwa hiberfil.sys GB 3.2. Mafaili ya Telegram sijataja, naona aibu.

Binti wa Nansio

Aibu ya nini, sote tuko huko. Hiberfil.sys ni ile ya kulala, itaondoka na hiyo amri ya Fundi. Windows.old uifute kwa chombo cha Windows cha kusafisha diski, usiiburute kwa mkono. Na Premiere ina mahali kwenye mipangilio pa kuielekeza kashe iende D na kuifuta iliyopo. Jumla unapata GB zaidi ya 50 na hujagusa mpaka wa kiwanja cha mtu.

Mvuvi wa Kayenze

Naunga mkono, ila naongezea wazo. Zile GB 40 alizokata kwa D si zipo tayari? Azitengenezee E, kashe ikae humo peke yake.

Fundi Makoroboi

Hapo kuna shimo, mkuu. Kamera, bonyeza kulia kwenye jina la diski yenyewe pembeni kushoto, nenda kwenye sifa zake, uone kama ni MBR au GPT, yaani aina ya jedwali la patisheni.

Kamera ya Kirumba

MBR.

Fundi Makoroboi

Nilijua. MBR ni ya tangu 1983, na jedwali lake lina nafasi ya patisheni kuu nne tu. Hesabu: ya kuwashia, C, ya kurekebishia, D. Zimetimia. Ukiilazimisha Windows itengeneze ya tano itakuletea ujumbe wa kistaarabu kabisa kwamba diski itageuzwa kuwa ya aina nyingine, dainamiki. Watu wanabonyeza ndiyo kwa sababu ndiyo iko karibu. Kurudi huko ulikotoka, kwa chombo cha Windows chenyewe, ni mpaka ufute patisheni zote, na programu nyingi za kugawa hazitakuelewa tena, GParted ikiwa ya kwanza.

Mrudishie D GB 40 zake. Kwa D patakubali, nafasi iko mgongoni mwake.

Mzee wa Kamanga

Vijana, hamjambo. Nimesoma kimya tangu jana.

Mimi nimegawa diski tangu enzi za PartitionMagic ya PowerQuest, kabla Symantec hawajawanunua mwaka 2003 na kuiacha ife. Tulikuwa na kompyuta sita kwenye mgahawa wa intaneti mjini, diski za GB 20, na bado tulizigawa kana kwamba ni shamba la ukoo. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kumbebesha mtu mzigo unamuuliza kwanza kama mgongo ni mzima. Hamjauliza. Weka CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski, ifungue, utuambie ni bluu au njano.

Kamera ya Kirumba

Shikamoo mzee. Ni njano. Mstari wa C5 una kidoti cha njano, pembeni pameandikwa 0000000000D8. Wa 05, wa sekta zilizokwisha kubadilishwa, ni sifuri tupu.

Mzee wa Kamanga

Marahaba. Fundi, msomee hiyo.

Fundi Makoroboi

Daah. Namba hizo programu inaziandika kwa mfumo wa kumi na sita. D8 ni 216. Yaani kuna sekta (vipande vidogo vya diski) 216 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua izitupe au vipi. Ndiyo maana Premiere inazima, huenda si C kujaa peke yake.

Kamera, nafuta ushauri wangu wote wa kusogeza. Ungeendesha GParted juu ya diski hii, ingefika kwenye sekta bovu katikati ya safari. Usisogeze, usifanye chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows) ya kurekebisha, usifute hata hiyo Windows.old kwa leo. Toa vitu. Anza na harusi.

Dagaa Mkavu

Anunue SSD (diski isiyozunguka) ahamishe yote kwa Clonezilla, ile ya kunakili diski nzima, mbona rahisi.

Fundi Makoroboi

Kwa diski isiyo na ubovu ningekubali. Lakini hapa Clonezilla itagonga sekta mbovu na kusimama. Halafu SSD nyingi za madukani ni GB 480, hadidiski yake ni 500. Clonezilla kwa kawaida inakataa kumwaga ndoo kubwa kwenye ndogo, hata kama ndoo kubwa ina maji nusu. Akopi kazi zake kwenye diski ya nje, SSD aipigie Windows mpya.

Kamera ya Kirumba

Mrejesho wa haraka. Nimekopa kwa shemeji, nimenunua diski ya nje ya TB 1 na SSD ya GB 480. Nakopi tangu saa 2 usiku. Nikishamaliza nitagawaje hiyo SSD? C GB 200 inatosha?

Mvuvi wa Kayenze

C 150, D zilizobaki.

Binti wa Nansio

Usigawe kabisa. Diski moja ndogo, patisheni moja, folda zako humo. Mpaka huu ndio uliokuleta hapa. Wanaosema D inalinda kazi Windows ikifa wana hoja, lakini diski ikifa C na D zinakufa pamoja, na umeona mwenyewe. Kazi zilizokamilika zikae kwenye ya nje, na nakala ya pili popote, hata kwa huyo shemeji.

Fundi Makoroboi

Hapo tunatofautiana kidogo na dada, mimi ningempa C 200 ili akipiga Windows tena asihamishe kitu. Ila hilo si la kugombana. Uchague GPT safari hii kama mashine inaruhusu UEFI (mfumo mpya wa kuwashia), na kizazi cha sita huwa inaruhusu. Kwa Windows 11 rasmi kizazi hicho hakipo kwenye orodha, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo fikiria hilo mapema.

Na wakati wa kupiga Windows, chomoa diski ya nje. Ichomoe kabisa, weka chumba kingine.

Binti wa Nansio

Hiyo ya kuchomoa msiichukulie mzaha. Mimi nilikuwa natengeneza flashi ya kuwashia kwa diskpart (chombo cha Windows cha kugawa diski kwa amri), saa 6 usiku, nikaandika select disk 1 nikidhani ni flashi. Flashi ilikuwa 2. Nikaandika clean. Haikuuliza mara mbili. Diski yenye hesabu zote za kikoba chetu ikawa tupu kwa sekunde moja. Kilichoniokoa ni kwamba sikuandika chochote juu yake, na clean ya kawaida hufuta jedwali tu, vitu vyenyewe vinabaki. TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, ikaziona patisheni na kuzirudisha. Nililia kwanza lakini.

Kamera ya Kirumba

Mrejesho. Saa 11 alfajiri. Harusi tatu zimetoka zima. Ya Kisesa imetoka yote isipokuwa mafaili mawili, yanafika asilimia 60 mashine inaganda na diski inagonga kama mtu anapiga hodi. Moja ni watu wanakula, siyo shida. La pili ni bibi harusi anamlisha baba yake keki.

Mzee wa Kamanga

Ikigonga hivyo, zima. Usiendelee kujaribu kukopi kwa mkono, kila jaribio linaila. Kuna ddrescue, inawashiwa kwenye Linux ya flashi, inabeba kwanza panaposomeka kisha inarudi kwa pabovu taratibu. Lakini kabla ya hapo: kadi ya kamera uliyorekodia siku ile iko wapi?

Kamera ya Kirumba

Niliifomati nikaenda nayo sendofu ya Igoma. Lakini mzee, keki tulipiga kamera mbili. Kadi ya pili anayo kijana wangu, yupo Kayenze kwao tangu Jumamosi, na simu haipatikani.

Mvuvi wa Kayenze

Anaitwa nani PM. Nipo sokoni hapa, naweza kumfuata sasa hivi.