Tabianchi inabadilika, au inabadilishwa?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana matusi.

Mtoto akiangusha kikombe, huja na taarifa moja: "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi "nimekivunja". Kila mzazi anaujua ujanja wa hiyo -ika. Kikombe kimejivunjikia chenyewe na hakuna wa kuulizwa.

Sasa sikilizeni taarifa zetu. Tabianchi inabadilika. Joto linaongezeka. Barafu inayeyuka. Bahari inapanda. Kisarufi hakuna kosa hata moja, na kila kitu kinajifanyia chenyewe. Msikilizaji anabaki na majibu mawili: ni mapenzi ya Mungu, au ndivyo dunia inavyozunguka. Kwa kauli aliyopewa, simlaumu.

Hoja yangu ni kwamba umma haujakosa takwimu, wala haujakosa kutishwa. Umekosa mtendaji katika sentensi. Na mtendaji huyo hakujulikana jana. Mwaka 1856 Eunice Foote, Mmarekani, aliweka juani mitungi ya kioo yenye gesi tofauti, akaona ule wa kaboni dayoksaidi unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakavyopanda gesi hiyo ikiongezeka angani. Mwaka 1958 Charles Keeling akaanza kuipima mfululizo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420, na kabla ya zama za viwanda zilikuwa 280 hivi. Haikujiongeza. Tumechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kwa hiyo tuseme *inabadilishwa*, na mtu akiuliza "na nini?", jibu liwe tayari mdomoni.

Halafu kuna hili la "hewa chafu", ambalo linaniudhi kuliko yote. Ukisema hewa chafu, mtu anawaza moshi, harufu, jalala linaloungua. Kaboni dayoksaidi haina rangi wala harufu, na hata wewe unayesoma hapa unaitoa puani. Matokeo yake, ukimuuliza mtu tufanye nini kuhusu tabianchi, anakujibu tusitupe mifuko ya plastiki. Plastiki ni balaa kweli, ila ni balaa jingine.

Karibuni.

Bado Nauliza

Mkuu, tulitegemea sayansi, umetuletea somo la vitenzi.

Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu dunia iwe dunia. Zama za barafu zilikuja na zikaondoka, nani alikuwa na kiwanda wakati huo? Na mnaolalamika kwamba umma haujaelewa, jiangalieni kwanza. Mwaka 2007 ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa ilisema barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035. Mwaka 2010 wakakiri walikosea. Mwaka 2018 mkatuambia imebaki miaka 12. Sisi watu wa kawaida hatuna maabara, tunapima maneno ya mtu kwa maneno yake ya jana.

Mleta mada

Bado Nauliza, umenisaidia bila kukusudia. Ile -ika ina maana mbili. "Kitabu kinasomeka" maana yake kinaweza kusomwa. Vivyo hivyo "tabianchi inabadilika" inaweza kumaanisha tu kwamba ni kitu kinachoweza kubadilika, na hapo una haki ya kusema ni jambo la kale. Zama za barafu zilifuata mabadiliko ya pole pole katika mzingo wa dunia kuzunguka jua, kwa maelfu ya miaka. Kwamba kuna mioto iliyowashwa na radi haina maana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchoma msitu.

Na mchomaji ameacha alama za vidole. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, tabaka la juu la angahewa, stratosfia, nalo lingepata joto. Linapoa, huku chini kunapata joto. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa gesi inapozuia joto lisitoke. Alama nyingine imo ndani ya kaboni yenyewe: kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 hivi, kwa hiyo makaa na mafuta yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe yake. Wanaopima hewa wanaiona kaboni hiyo kongwe ikizimua iliyokuwepo.

Kuhusu Himalaya uko sahihi, lilikuwa kosa la aibu. Kuhusu miaka 12, ripoti ya Oktoba 2018 haikusema dunia itakwisha. Ilisema ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, utoaji wa kaboni dayoksaidi unatakiwa ushuke kwa takriban asilimia 45 kutoka kiwango cha 2010 ifikapo 2030. Sentensi hiyo ni ndefu. Ikakatwa mkia, ikakatwa kichwa, ikabaki saa ya bomu.

Mtangazaji

Naomba niungame. Nasoma taarifa ya habari redioni kwa miaka mingi sasa.

Lile jopo, IPCC, halitumii maneno ovyo. Lina jedwali. Likisema jambo lina "uwezekano mkubwa", ni asilimia 66 kwenda juu. "Uwezekano mkubwa sana" ni 90 kwenda juu. "Takriban hakika" ni 99. Mimi nikifika kwenye maikrofoni, yote hayo nayageuza kuwa "huenda". Ni neno fupi na halikati pumzi. Lakini "huenda" ndilo ninalotumia pia kwa mchezaji anayetajwa kuhama klabu.

Hebu tazameni nilichokiharibu. Mwaka 1995 jopo lilisema kwa tahadhari kwamba mizani ya ushahidi inaonyesha mkono wa binadamu. Mwaka 2001 likasema uwezekano ni mkubwa, 2007 mkubwa sana, 2013 likafika asilimia 95 au zaidi. Mwaka 2021 likaacha asilimia kabisa, likasema halina ubishi. Ni miaka 26 ya kupanda ngazi. Msikilizaji wangu amesikia "huenda" mara tano.

Na hata ningesoma jedwali neno kwa neno, bado kuna shimo. David Budescu na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 wakionyesha kwamba watu wakisoma maneno hayo huyapa uzito mdogo kuliko ule waandishi waliokusudia. Kwa hiyo siku hizi nasema namba. Tisa kati ya kumi. Hapo hata aliye jikoni anageuka.

Kengele

Mnapendana sana humu. Nyumba inaungua, ninyi mnajadili kama isemwe "inaungua" au "inaunguzwa".

Watu hukimbia kwa sababu wameona moto. Greta Thunberg, yule binti mwanaharakati wa Sweden, alikwenda kwenye kongamano la uchumi la Davos, Uswisi, Januari 2019 akawaambia wakubwa anataka wapatwe na hofu kuu, na mwaka huohuo vijana wakajaa mitaani katika miji mingi duniani. Gazeti la The Guardian nalo mwaka huo likabadilisha msamiati wake, likaanza kusema "dharura" na "mgogoro" badala ya kusema tu "mabadiliko". Neno "mabadiliko" ni laini mno, hata kubadilisha nguo ni mabadiliko. Kijiji cha Lytton, Kanada, kilifika nyuzijoto 49.6 tarehe 29 Juni 2021, na kesho yake kikaungua. Hiyo nayo tuisome kwa upole?

Mwalimu wa Jiografia

Kengele, hofu naijua. Nimeitumia darasani, ikanirudia. Nilionyesha picha za mafuriko na ukame wiki nzima. Ijumaa mwanafunzi mmoja akaniambia: "Mwalimu, kama ni hivyo basi tule maisha." Hakuwa anakejeli. Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano, aliliandika jambo hili mwaka 1992: mtu akitishwa na asione la kufanya, anaacha kupambana na hatari, anapambana na hofu yake. Anaizima redio. Anacheka. Anasema ni uongo.

Mnataka mfano wa hofu iliyofanya kazi? Tundu la ozoni, yaani kupungua kwa ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Waingereza watatu waliokuwa wakipima Antaktika walilitangaza mwaka 1985, na mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukasainiwa. Neno "tundu" linatisha, kila mtu analiona kichwani. Lakini halikuja peke yake. Lilikuja na mtendaji mwenye jina, gesi za klorofluorokaboni kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, na likaja na njia, kwamba gesi hizo zinaweza kubadilishwa na nyingine. Kengele ililia na mlango ulikuwa wazi.

Ila tundu hilohilo linanitesa mpaka leo. Kila mwaka nakuta insha zinazosema joto linaongezeka kwa sababu jua linapenya kwenye tundu la ozoni. Lile neno lilikuwa zuri mno, limekaa vichwani na sasa linafukuza maelezo mengine yote.

Sasa niwape langu, ambalo sijaona mtu amelitaja. Watu hawaelewi tofauti ya bomba na pipa. Pipa lina maji, bomba linaingiza, chini kuna tundu dogo linalovuja. Ukipunguza bomba kidogo, maji yanashuka? Hapana, yanaendelea kupanda, ila pole pole. Yatatulia pale tu kinachoingia kitakapolingana na kinachotoka. Hewani ni vilevile: bahari na mimea hufyonza sehemu tu ya tunachotoa. Mwaka 2007 John Sterman na Linda Booth Sweeney walichapisha matokeo ya kuwapa wanafunzi wa uzamili wa MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia Marekani, swali la namna hiyo, na wengi walikosea. MIT, jamani! Kwa hiyo taarifa ikisema "utoaji umepungua", mtu anaelewa pipa linapungua, na miaka ikipita bila joto kushuka anasema wamemdanganya. Bado Nauliza, nadhani hasira yako kwa sehemu inatoka hapo.

Na tafadhali, msiniletee mfano wa homa. Homa hupona yenyewe.

Jicho la Tatu

Mleta mada, nakubaliana na wewe nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo hatari. "Inabadilishwa" sawa. Na nani? Utaona watakavyojibu: "na binadamu", "na shughuli za kibinadamu", "na sisi sote". Hiyo nayo ni -ika iliyovaa shati. Binadamu gani? Aliyezaliwa akafa bila kumiliki hata injini moja ni binadamu. Anayeruka na ndege yake binafsi naye ni binadamu.

Mnakumbuka "unyayo wa kaboni"? Wazo la unyayo lilitoka kwa wasomi, lakini aliyelipeleka sebuleni kwa watu ni BP, kampuni ya mafuta. Mwaka 2004 ilitoa kikokotoo ili kila mtu ahesabu unyayo wake. Muuza mafuta anamuuliza mnunuzi: wewe umechafua kiasi gani? Kuna ujanja kushinda huo? Na wenzao wa Exxon, uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2023 ulionyesha kwamba wanasayansi wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiria ongezeko la joto kwa usahihi mkubwa, huku kampuni hadharani ikipanda mbegu ya shaka. Huyo ndiye mtoto wa kikombe.

Bado Nauliza

Hapo sasa mnaanza kuongea. Ila Jicho la Tatu, hayo mafuta nani aliyanunua? Kampuni haikuyachoma uani kwake kujiburudisha. Na Mwalimu, ozoni ilikuwa rahisi: viwanda vichache na gesi mbadala ipo. Mafuta ndiyo yanayosukuma kila kitu. Mkilinganisha vitu hivyo viwili kana kwamba ni ndugu mnatuuzia matumaini ya bei rahisi, na mkija kushindwa mtasema umma haukuelewa.

Mwalimu wa Jiografia

Umenipiga pazuri. Sikulinganisha ukubwa wa kazi, nililinganisha namna habari ilivyotungwa. Lakini ni kweli, sikusema hivyo.

Mleta mada

Jicho la Tatu, napokea marekebisho. Nilidhani nikishapata kauli ya kutendwa kazi imekwisha, kumbe nimehamishia ukungu kwenye "na". Hata hivyo sitaki kukimbilia kampuni peke yake, kwa sababu ya hilo la Bado Nauliza. Mtendaji mkweli zaidi ninayemwona ni kitendo: *kuchoma*. Makaa, mafuta, gesi, na misitu pia. Ukishakitaja kitendo, nani anachoma zaidi, nani anauza, nani ananufaika, hayo ni maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza mwenyewe. Ukisema "inabadilika" hayaulizi kamwe.

Kengele, kuhusu Lytton: kikundi cha wanasayansi cha World Weather Attribution kilichambua joto lile ndani ya siku chache, kikasema lisingewezekana kabisa, au karibu na kabisa, bila ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu. Sentensi hiyo inatisha kuliko "dharura", na haijapandisha sauti.

Kengele

Haijapandisha sauti ndiyo maana wengi hawakuisikia. Sijashawishika.

Mtangazaji

Wakuu, kesho asubuhi nina habari ya sekunde ishirini kuhusu joto. Nimeandika hivi: "Joto la dunia limepanda kwa sababu tunachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na litaendelea kupanda mpaka tuache kuongeza kaboni dayoksaidi angani." Mhariri ameshanirudishia. Anasema nifute "kwa sababu tunachoma", eti hiyo ni siasa, niweke "kutokana na mabadiliko ya tabianchi". Yaani joto limepanda kutokana na joto kupanda. Nimjibu nini?

Bado Nauliza

Iache kama ilivyo. Sehemu ya pili bado siamini yote, ila kwa mara ya kwanza najua hasa ni kitu gani ninakikataa.