Tupeane uzoefu: watoto wadogo na mchezo wa kujenga

Habari zenu, wazazi na walimu wenzangu. Ninaomba tupeane uzoefu kuhusu watoto wanaojifunza kwa kujenga, nami nitatangulia.

Ninaishi Mafinga, ambako mabaki ya mbao za paina hayakosekani, na mwaka jana nilimwomba seremala jirani anikatie vipande 60 vya sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5, kisha vingine vya nusu urefu huo na vingine vya mara mbili. Kipimo hicho si changu. Kinakaribiana na kile cha Caroline Pratt, mwalimu wa Marekani aliyefungua shule yake New York mwaka 1914, na kabla yake Mjerumani Friedrich Fröbel alikwisha kuwapa watoto mchemraba wa mbao uliogawanyika katika vipande 8. Nimesadiki kwamba ulinganifu wa vipimo ndio unaofundisha. Jioni moja binti yangu wa miaka minne aliishiwa vipande virefu akiwa katikati ya ukuta. Alichukua viwili vifupi, akaviunganisha ncha kwa ncha, akainama hadi shavu likagusa sakafu, akapitisha kidole kwenye kiungo, kisha akaanza kutafuta jozi nyingine. Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu nusu.

Msasa usisahaulike, kwani kibanzi kimoja kidoleni humfanya mtoto avikimbie vipande kwa wiki nzima.

*Mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali Kenya), Mombasa:*
Asante, ndugu. Sisi hatuna mbao, hivyo tunatumia maboksi ya viberiti tuliyoyajaza mchanga na kuyafunga vizuri kwa selotepu, maana yakiwa matupu hupeperushwa na feni. Kosa langu la mwanzoni lilikuwa kusaidia upesi mno. Mvulana mmoja alisimamisha nguzo mbili za daraja zikiwa mbali mno moja na nyingine, na kipande cha juu kikaanguka katikati. Nikanyoosha mkono, nikazisogeza nguzo, naye akainuka akaenda zake. Wiki iliyofuata nilijizuia, ingawa haikuwa rahisi. Kilimwanguka mara tano, akakilaza sakafuni kati ya nguzo ili akipime, ndipo akazisogeza mwenyewe na kuniita: "Mwalimu, njoo uone, halianguki!" Tangu siku hiyo mikono yangu huiweka nyuma.

*Bibi anayelea wajukuu, Songea:*
Wanangu, hapa kwangu wanajengea magunzi ya mahindi. Gunzi ni la mviringo, lisipozuiliwa hubingirika, na mjukuu wangu alihangaika nalo siku mbili kabla hajaanza kuyapanga kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile, hadi ghala lake likasimama. Alipokuwa akijenga alikuwa akisema peke yake, "Hili chini, hili juu, hili katikati," na maneno hayo sasa anayatumia hata anaponisaidia kupanga vyombo.

*Mwanzisha mada:*
Shikamoo, Bibi. Hilo la kupishana sitamwonyesha binti yangu. Nitamletea magunzi tu. Wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, tafadhali mtueleze mnatumia vifaa gani, kwani mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu, kila kitu hukipeleka kinywani, na vile vipande vya nusu nimelazimika kuvifungia kabatini kwa hofu ya kumpalia.