MREJESHO: Miche ya parachichi iliyokuwa inaungua ncha za majani

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini miche yangu 40 ya parachichi, niliyoikuza kwenye maji ya virutubisho bila udongo, inaungua ncha za majani. Wengi mlisema mbolea imekolea mno.

Mlikuwa sahihi. Nilikuwa natumia kipimo cha nyanya, EC 2.4 (EC ni kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea kwenye maji), kumbe mparachichi hauvumilii chumvi. Nilimwaga yote, nikasuuza mizizi kwa maji ya mvua, nikaanza upya na EC 1.2. Wiki ya tatu yakatoka majani mapya, mekundu kidogo, kisha kijani safi mpaka nchani. Ya zamani hayakupona, kingo zimebaki kavu kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Miche 9 ilikufa. Mizizi ilishakuwa myeusi. Ushauri wa kushusha mbolea hadi robo ya kipimo cha mwanzo niliujaribu kwa miche 6, ikadumaa na kupauka, nikairudisha kwenye nusu.

Aliyenikumbusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, asante sana ndugu yangu. Ilikuwa 7.4, nilipoishusha hadi 6, majani mapya yaliacha kuwa manjano katikati ya mishipa.

Sasa napima kila asubuhi. Jua likiwaka sana maji hupungua, chumvi inabaki, EC inapanda, basi naongeza maji matupu.