Movie za vita za kuchekesha: ipi ilikukosha, ipi ilikuboa? Tupeane uzoefu

SatoMbichi: Wakuu habari zenu. Jana kibanda umiza kimoja hapa Mabatini wameweka komedi ya vita, nusu ya watu wanagonga mabenchi kwa kucheka, nusu wamenuna kama wako msibani. Kwa nini nyingine zinatukamata, nyingine zinadoda? Mwenye kisa amwage.

DagaaKavu: Mi Chaplin tu, The Great Dictator ya 1940. Dikteta anacheza na puto la dunia, analidunda kwa kichwa, kwa makalio, mwisho linampasukia usoni. Hasemi neno, hata DJ wa kutafsiri hana kazi pale. Ila hotuba ya mwisho, nilitoka kununua mihogo nikarudi jamaa bado anaongea

MtotoWaKirumba: Hapo kwenye puto umenigusa. Babu yangu (Mungu amrehemu) alipigana vita ya Kagera, mtu wa TV hakuwa. Nikamwekea hiyo ya Chaplin akacheka mpaka kofia ikadondoka, anasema huyu si Nduli huyu, maana Amin naye ndo zake, medali kifua kizima, mara anataka apande ulingoni na Nyerere refa awe Muhammad Ali. Basi nikapata kichwa, Jumapili nikaleta komedi nyingine ya kijeshi, jina silitaji, humo kuruta anakanyaga bomu la ardhini anarushwa juu, kinanda cha kuchekesha kinapigwa, wajukuu wote tuko chini mbavu hatuna. Babu kainuka, kachomoa waya wa TV, kauviringisha mkononi taratibu, kaingia nao chumbani kwake. Sebuleni linasikika friji tu. Hakuna aliyethubutu kwenda kugonga mlango. Asubuhi kwenye uji ndo ananiuliza, "Yule dogo aliyekanyaga, kosa lake nini?"

NyakatoKwetu: Dah. Mwili umesisimka.

MbishiWaIgoma: Mnakuza mambo, komedi ni komedi. Jojo Rabbit (2019) imemfanya Hitler mshkaji wa mtoto, hiyo nayo babu angechomoa waya?

DadaWaPasiansi: Uliangalia au uliona trela? Hitler yule yupo kichwani mwa dogo wa miaka 10, ndo maana ana mambo ya kitoto. Subiri ifike dogo anakuta viatu vya mama yake vinaning'inia, ukicheka hapo wahi Mirembe. Na Chaplin mwenyewe aliandika 1964 kwamba angejua yaliyokuwa yanafanyika kwenye zile kambi za mateso za Hitler asingeweza kuitengeneza The Great Dictator.

MbishiWaIgoma: Mirembe tangulia wewe

MzeeWaMwaloni: Vijana tulieni. Kazi ni kukaza sura. Dr. Strangelove (1964) dunia iko mbioni kulipuka, rais anafokea watu waliokunjana kwamba hiki ni chumba cha vita, marufuku kupigana humu! Na hakuna mwigizaji anayejichekesha. Kubrick, mwongozaji wake, alirekodi mpaka vurugu ya kurushiana keki za krimu, akaikata yote. Waigizaji wetu ukiwapa keki hawaziachi.

DagaaKavu: Komedi tunayo hapahapa Mwanza jamani. Machi 1979 ndege ya Libya imekuja kumsaidia Amin, inatafuta matenki ya mafuta, makombora yakaishia kisiwani Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala.

SatoMbichi: Hahahaa swala wa watu!! Hii tuirekodi. Rubani anarudi kuripoti adui kaangamizwa, anavalishwa nishani

NyakatoKwetu: Rubani wa nini, anzeni na swala wanakula majani. Wasiongee.

MbishiWaIgoma: Waongee Kisukuma

DadaWaPasiansi: Kuna mfanyakazi wa pale Saanane alijeruhiwa siku hiyo. Yeye mnamweka wapi?

SatoMbichi: Dada umeniharibia movie.

MtotoWaKirumba: Hajaharibu, muwekeni huyohuyo katikati, halafu muziki zimeni.

MzeeWaMwaloni: Mafundi wa kushona magwanda wapo Makoroboi, ila msikatize nayo barabarani, mtalala ndani na swala wenu.