EU4: Mombasa inamezaje majirani bila pwani nzima kuungana dhidi yake?

Jahazi77
Wakuu, nacheza Mombasa kwenye Europa Universalis IV (EU4, mchezo wa mkakati wa kompyuta), ule mwanzo wa mwaka 1444. Malindi naimaliza vizuri. Nikigeukia Pate tu, muungano unaundwa dhidi yangu na Kilwa imo. Hazina inakauka, waasi kila kona. Nipange hatua vipi?

BomaKuu
Mkuu, siku ya kwanza kabisa mtume balozi ajenge mtandao wa majasusi kwa jirani. Ukifika 20, tunga madai (sababu ya kudai ardhi kwa vita) juu ya jimbo mnalopakana. Yanadumu miaka 25. Usitangaze vita bila madai: uthabiti wa nchi unashuka 2 papo hapo, na waasi wako wanaanzia hapo.

Kwenye dirisha la kutangaza vita, soma nani atamfuata adui. Kuna alama ya kumgeuza mshirika wake kuwa mlengwa wa vita. Kama hutaki ardhi yake usiiguse, maana naye ataita washirika wake mwenyewe.

Ngome ya daraja la 1 ina walinzi 1,000, hivyo unahitaji askari 3,000 kuizingira. Ukiwa na vikosi viwili (askari 2,000) mzingiro hausogei kabisa, unalipa mishahara ya bure. Na usishushe jeshi kutoka melini juu ya jeshi la adui: unapigana ukiwa umekatwa 2 kwenye kete. Shukia jimbo lisilo na askari, kisha tembea.

Tanga_la_Kusi
BomaKuu kasema kweli, ila kinachokuua ni hasira ya majirani kwa unavyojitanua. Ikifika 50 kwa nchi fulani na nchi hiyo haikupendi, inaweza kuingia kwenye muungano. Majirani zako wengi ni Sunni na Waswahili wenzako, kwa hiyo ukimla Malindi, Pate anaumia kuliko mtu wa mbali asiye wa dini yake. Hasira inapoa 2 hivi kwa mwaka. Kabla ya kutuma masharti ya amani, soma onyo la nani atajiunga dhidi yako. Likitaja Kilwa, punguza majimbo. Mabalozi wasio na kazi watume wakaboreshe uhusiano huko huko Kilwa.

Waasi wengine wanatoka kwenye ardhi uliyoteka ambayo hujaihalalisha kuwa yako rasmi. Gharama ni pointi 10 za utawala kwa kila pointi moja ya maendeleo ya jimbo. Lenye 9 linakula 90 kabla ya punguzo la madai. Pointi zikiwa hazitoshi, vita isubiri. Kujitanua kupita kiasi, yaani ardhi hiyo isiyohalalishwa, kukizidi asilimia 100 matukio mabaya yanamiminika, na hapo ndipo hazina inapokauka.

Jahazi77
Shukrani sana. Sasa Pate nimwache kabisa?

BomaKuu
Usimwache, mfanye kibaraka kwenye mkataba wa amani. Hasira ni ndogo kuliko kumeza majimbo yake, na hulipi pointi za utawala. Baada ya miaka 10, uhusiano ukiwa 190 na hamu yake ya kujitenga iko chini ya 50, mmeze kwa pointi za diplomasia.

Kilwa ni mkubwa, hamalizwi kwa vita moja. Kila ukifunga amani kuna miaka 5 hadi 15 ya kutopigana, kadiri ulivyochukua vingi. Kwa hiyo vita ya kwanza chukua majimbo yenye ngome, ili ya pili ukute njia wazi. Mvizie akiwa vitani kwingine, jeshi lake liko mbali.